Nani Athibitishe Umaskini wa Jamaa ya Lubumbashi?

Katika vituo vingi vya afya vya Lubumbashi, kuanzia zahanati ndogo za Katuba na Kasungami hadi hospitali kubwa za katikati ya mji, swali la kwanza linalomkabili mgonjwa si mahali anapoumwa bali ni nani atakayelipa, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fishi, yaani kadi ya mgonjwa, itafunguliwa, kama damu itapimwa, na kama mgonjwa ataruhusiwa kwenda nyumbani matibabu yakiisha. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoliona kuwa kosa la utawala. Wengi huliona kuwa bahati mbaya ya aliyeugua bila fedha. Lakini tangu serikali ya Kongo ianze kutangaza Huduma ya Afya kwa Wote, mpango unaojulikana kwa herufi za Kifaransa CSU, swali lile la mlangoni limepata uzito mpya: jamaa ipi inastahili kutibiwa kwa fedha za umma, nani anakadiria kustahili huko, na kwa kipimo gani?

Makala haya yanashikilia kwamba mzigo wa uthibitisho umetwishwa asiyestahili kuubeba. Katika mji ambao wengi hawana mshahara wa kudumu wala karatasi inayoonyesha mapato yao, haifai jamaa yenye mgonjwa ndiyo itakiwe kuthibitisha umaskini wake. Inafaa dola ndiyo ithibitishe kwamba jamaa fulani ina uwezo, au ina mwajiri wa kuilipia, kabla ya kuinyima msaada. Kila jamaa ihesabiwe kuwa inastahili mpaka ijulikane vinginevyo, na kazi ya kuchuja ifanyike juu, kwa wenye mikataba, kampuni na mishahara, ambako karatasi zipo, wala si chini, ambako hazipo na hazikuwahi kuwepo.

Ahadi iliyoandikwa

Sheria haikupungukiwa na maneno. Kifungu cha 47 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya afya na ya usalama wa chakula. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya umma, na amri-sheria namba 23/006 ya tarehe 3 Machi 2023 ikairekebisha na kuiongezea. Miongoni mwa vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya CSU umo Mfuko wa Mshikamano wa Afya, unaoitwa FSS, ambao kazi yake ni kununua huduma kwa niaba ya wananchi, yaani kuilipa hospitali ili mgonjwa asilipe. Tarehe 5 Septemba 2023 Rais Félix Tshisekedi alizindua mjini Kinshasa uzazi wa bure pamoja na matibabu ya bure ya watoto wachanga, hatua iliyokusudiwa kuenea jimbo baada ya jimbo.

Hata hivyo ahadi hiyo inazikuta jamaa za Lubumbashi zikiwa katika hali zisizofanana. Mwenye kazi ya mkataba hutibiwa kwa gharama za mwajiri wake, kwa kuwa Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamwajibisha mwajiri kwa matibabu ya mfanyakazi, ya mwenzi wake na ya watoto anaowalea. Mwalimu anaweza kuwa chini ya MESP, ambayo ni mituele, yaani umoja wa watu wanaochangia mapema ili atakayeugua alipiwe kutoka katika mfuko wa wote. Mjamzito anaweza kufaidika na uzazi wa bure pale ulipofika. Wengine wote, yaani wauza unga na mboga, mafundi, waendesha pikipiki, wachimbaji wa mkono wanaoitwa creuseurs, walinzi wa usiku na wazee wasio na pensheni, hutegemea mfuko wao wenyewe. Wapo wanaodhani kwamba CNSS, hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, hulipia pia ugonjwa wa kawaida, lakini Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaikabidhi hazina hiyo posho za familia, ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na pensheni; malaria ya mtoto haimo.

Urithi wa namba ya kazi

Namna Lubumbashi inavyofikiri juu ya kustahili matibabu haikuanza na CSU. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliamua kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kuwatuliza wafanyakazi wake mahali pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwaleta kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini, na kwa ajili hiyo ikajenga makambi, shule na hospitali, ikagawa pia mposho, yaani chakula kilichopimwa kwa idadi ya walioandikishwa. Kipimo cha kustahili kilikuwa rahisi kwa karani wa kampuni: mke mmoja na watoto wake, walioandikwa chini ya namba ya mfanyakazi, walitibiwa; mpwa, mama mkwe na mke wa pili hawakuhesabiwa. Kampuni haikuuliza kama jamaa ni maskini. Iliuliza kama jamaa ni yake.

Kampuni ya serikali ya Gécamines iliurithi utaratibu huo baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi mtu wa kazi katika Lubumbashi, Likasi au Kolwezi hakuwa na haja ya kufikiria bei ya kujifungua kwa mkewe. Mambo yaligeuka kampuni ilipoanza kuanguka, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka Septemba 1990. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa fedha za mkupuo na kuiacha kazi, na pamoja na kazi wakayaacha matibabu ya wake na watoto wao. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na jamaa ya watu sita, wanane au zaidi, na wote hao walitoka upande wa wanaostahili wakaingia upande wa wasiojulikana, si kwa sababu walitajirika bali kwa sababu namba yao ilifutwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kuwa mgodini leo si sawa na kuwa na mwajiri wa zamani. Mashirika ya RAID na CAJJ, katika ripoti yao ya mwaka 2021 juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti katika eneo la Kolwezi, yalikuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi walikuwa wameajiriwa kupitia kampuni za kati, yaani kampuni zinazokodisha watu kwa mgodi. Mtu wa namna hiyo huvaa kofia ngumu na buti za mgodi, majirani humhesabu miongoni mwa wenye kazi, lakini mkataba wake ukiwa mfupi na kampuni iliyomleta ikiwa haina hospitali, mtoto wake anaweza kukosa matibabu kama mtoto wa muuza mkaa.

Nyumba njema si mlango

Pale ambapo hakuna hati ya mshahara, wataalamu wa hifadhi ya jamii wamebuni kipimo cha kukadiria uwezo kwa kuangalia dalili za nje. Afisa hufika nyumbani na orodha ya maswali: ukuta ni wa udongo au wa matofali, paa ni la nyasi au la bati, choo ni cha namna gani, chakula hupikwa kwa kuni, mkaa au umeme, jamaa ina redio, pikipiki au mifugo, watoto ni wangapi na wangapi wanasoma. Kila jibu lina alama zake, alama hujumlishwa kwa hesabu iliyotengenezwa kutokana na uchunguzi wa takwimu, na mwishoni jamaa hupangwa juu au chini ya mstari. Tanzania ilikitumia kipimo cha aina hii katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012, ikakichanganya na mkutano wa hadhara wa kijiji ambamo majirani huzitaja kaya wanazoziona kuwa maskini. Rwanda, kwa makundi yake ya Ubudehe, ilitegemea zaidi neno la majirani, na mchango wa mituele ulifuata kundi ambamo jamaa imepangwa, kabla ya serikali ya Kigali kuachana na makundi hayo katika miaka ya karibuni.

Kenya imetoa funzo lililo karibu zaidi kwa wakati. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali ya aina ileile, kisha hutakiwa kulipa kiasi alichokadiriwa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na awali alitakiwa kukilipa kwa mwaka mzima mara moja. Malalamiko yalikuja upesi kutoka kwa watu waliosema kwamba makadirio yamewapandisha juu ya uwezo wao, na mwaka 2025 ikabidi uanzishwe mpango wa kukopeshwa mchango na kuulipa kidogo kidogo, ulioitwa Lipa SHA Pole Pole. Maana yake ni kwamba hata nchi yenye vitambulisho vya taifa, huduma za fedha kwa simu zilizoenea kote na ofisi za takwimu zenye uzoefu imeona ugumu wa kuujua uwezo wa mtu asiye na mshahara.

Je, orodha kama hiyo ikipelekwa Lubumbashi itaona nini? Itaona matofali. Katika miaka ya 1950 ofisi ya kikoloni ya makazi, OCA, ilijenga safu kwa safu za nyumba imara, na Ruashi ni mfano unaojulikana. Kampuni za madini na reli nazo zilijenga makambi yao, na nyumba nyingi za aina hiyo sasa zimo mikononi mwa wastaafu, wajane na wajukuu wa wafanyakazi wa zamani. Jamaa inayokaa humo ina kuta za matofali, paa la bati, sakafu ya saruji, huenda hata bomba la maji lililokauka zamani na waya wa umeme unaowaka kwa saa chache. Kwenye fomu jamaa hiyo ina alama za tabaka la kati. Jikoni kwake huenda bukari, yaani ugali, hupikwa mara moja kwa siku, na mzee mwenye nyumba, ambaye pensheni yake ama haifiki ama haitoshi kununua mfuko wa unga, hana hata franga ya kununulia dawa ya shinikizo la damu. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na hakuna mji ambao methali hiyo inautosha kuliko mji huu wa shaba.

Upande wa pili wa tatizo uko katika parsele, yaani kiwanja kimoja chenye nyumba ya mwenyewe mbele na vyumba vya kupangisha nyuma. Humo wanaweza kuishi mwenye nyumba anayeishi kwa kodi ndogo, mpangaji mwenye duka sokoni, mjane anayeuza karanga, na kijana mchimbaji anayerudi mara moja kwa mwezi, wote wakitumia choo kimoja na ua mmoja. Kipimo kinachosoma choo na paa kitawapa alama zinazofanana watu ambao maisha yao hayafanani kabisa. Isitoshe, jamaa moja inaweza kutawanyika katika parsele tatu: baba Kipushi, mama katika komuni ya Kenya ya hapa mjini, watoto wawili kwa shangazi Kampemba kwa sababu ndiko kwenye shule. Mmoja wa watoto hao wa Kampemba ahesabiwe kwa uwezo wa nani, na akiugua malaria usiku, nani ndiye aliyekadiriwa kumlipia?

Watafiti Stephen Kidd, Bjorn Gelders na Diloá Bailey-Athias, katika kazi iliyotolewa na Shirika la Kazi Duniani mwaka 2017, walionyesha kwamba kipimo hiki, kwa jinsi kilivyoundwa na wala si kwa uzembe wa maafisa peke yake, huwaacha nje wengi wa wale kilichokusudiwa kuwafikia. Sababu yake si ngumu kuielewa. Katika nchi ambamo jamaa nyingi zimesongamana karibu karibu chini, tofauti kati ya jamaa ya ishirini na ya hamsini katika kila mia ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe, kwa hiyo mstari unaochorwa kati yao hukata kama kwa bahati nasibu. Wataalamu hutaja makosa mawili: kosa la kuacha, yaani kumnyima anayestahili, na kosa la kuingiza, yaani kumpa asiyestahili. Serikali na wafadhili wengi huogopa sana la pili kwa sababu linaonekana katika hesabu za fedha; la kwanza huonekana makaburini, na wakaguzi wa hesabu hawapiti huko.

Mapato yasiyokaa mahali pamoja

Hata kama nyumba ingesema kweli, ingesema kweli ya siku moja. Mapato ya jamaa nyingi za Haut-Katanga, jimbo ulimo mji huu, hupanda na kushuka kwa sababu zilizo mbali na uwezo wao. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, ikaongeza muda wa katazo hilo mwezi Juni, na kuanzia Oktoba ikaweka mgao wa kiasi kwa kila kampuni. Sera hiyo inaweza kuwa na hoja zake za kiuchumi. Lakini afisa aliyeitembelea jamaa ya mchimbaji mwezi Januari angeandika kitu kimoja, na angeirudia mwezi Aprili angeandika kingine. Vivyo hivyo kwa unga: Lubumbashi hutegemea sana mahindi yanayopitia Kasumbalesa kutoka upande wa Zambia na nchi za kusini, na kila mara mpaka unapokaza, bei ya mfuko hupanda katika masoko yote ya mji, na jamaa iliyokuwa juu ya mstari wa umaskini hushuka chini yake bila mtu yeyote kupoteza kazi. Miezi ya mvua huongeza ugumu, maana ndiyo miezi ambayo chakula huwa ghali, na ndiyo pia miezi ya malaria na kipindupindu.

Nchi yenyewe haina msingi wa kuhesabia. Sensa ya mwisho ya watu wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, na mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ana umri wa kuwa babu au bibi. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 Wakongo 73.5 katika kila 100 waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku, na ni vizuri kueleza kwamba dola hiyo si ile ya kambisti, yaani mbadilisha fedha wa barabarani, bali ni dola ya kulinganisha uwezo wa kununua kati ya nchi na nchi. Makadirio ya namna hiyo yanafaa kuonyesha ukubwa wa tatizo la nchi nzima. Hayawezi kusema kama jamaa fulani ya mtaa wa Bongonga imo ndani yake. Lakini yanasema jambo moja zito: ikiwa karibu watu watatu katika kila wanne ni maskini, kwa nini fedha na muda vitumike kuwatafuta hao watatu mmoja mmoja, wakati yule wa nne ndiye mwenye karatasi na ndiye rahisi kupatikana?

Cheti kinachotafutwa wakati wa homa

Kwa sasa asiye na mwajiri wala mituele huambiwa kwamba ipo karatasi ya kumsaidia, inayoitwa kwa Kifaransa attestation d'indigence, cheti cha kuthibitisha kwamba mtu hana uwezo. Kwa maandishi ni utaratibu wa huruma. Kwa vitendo, jamaa huanza kukitafuta wakati mgonjwa tayari amelala kitandani na hesabu ya hospitali inapanda kila siku, na ili kukipata humlazimu mtu kuacha biashara yake, kulipa nauli, kwenda kwa mkubwa wa avenue, kisha ofisi ya kartie, yaani mtaa, kisha ofisi nyingine, akieleza mbele ya watu asiowajua kwamba ameshindwa kuilisha na kuitibu jamaa yake. Wenye ujasiri na wanaojua Kifaransa cha ofisini hukipata mapema; mjane mwenye haya, mgeni kutoka Kasaï au Haut-Lomami asiye na ndugu mjini, na mzee asiyejua kusoma, hao hubaki nyuma. Hivyo cheti cha umaskini humfikia kwa urahisi zaidi maskini mwenye nguvu kuliko maskini wa kweli, na hilo si kosa la karani bali ni tabia ya kila msaada unaosubiri kuombwa.

Na asiyepata cheti? Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba kati ya hospitali na zahanati zaidi ya 20 zilizotembelewa na waandishi wake mjini Lubumbashi, ni moja tu ambayo haikuwa na desturi ya kuwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hukaa wodini, au katika chumba cha kando, wiki baada ya wiki, kidonda kikiwa kimepona, mpaka ndugu wakusanye fedha kwa likelemba, yaani mchango wa zamu, kwa kanisa au kwa kuuza kitu. Kila siku anayokaa humo haendi sokoni, watoto wake wakubwa hulelewa na jirani, na deni hukua. Wakuu wa hospitali nao husema kweli wanaposema kwamba hawana bajeti ya kutosha kutoka serikalini na kwamba wasipolipwa na wagonjwa hawawezi kununua dawa wala kuwalipa wauguzi. Wamegeuzwa kuwa wakadiriaji wa uwezo wa jamaa bila kutaka, na chombo pekee walichonacho cha kukadiria ni kufunga lango. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Katiba ya Kongo nayo inalinda uhuru wa mtu, na ni vigumu kuona ni kwa sheria ipi deni la matibabu limekuwa kosa la kufungiwa.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huenda ndiyo sababu jambo hili limedumu: wanaotunga kanuni za kustahili wana waajiri wa kuwalipia, na hakuna hata mmoja wao atakayetakiwa kutafuta sahihi ya mkubwa wa avenue huku mtoto wake akitetemeka kwa homa.

Kuchuja kutoka juu

Njia nyingine ipo, na Kongo yenyewe imewahi kuipita. Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure iliyoahidiwa na Kifungu cha 43 cha Katiba, haikumtuma mtu kwenda kukagua mapaa ili kujua mtoto yupi anastahili. Kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alistahili. Matatizo yaliyofuata, yaani madarasa yaliyofurika na walimu waliosubiri malipo, yalitokana na fedha kuchelewa na kupungua, hayakutokana na kuwapokea watoto wote. Funzo hilo ni la kuchukuliwa kwa uzito wote, kwa maana huduma ya bure isiyolipiwa huzaa malipo ya kificho: muuguzi ataambiwa asitoze, dawa haitafika, na mgonjwa atatumwa kuinunua nje.

Kwa afya, hatua ya kwanza ingekuwa kuwachukua wote ambao kustahili kwao kunaonekana kwa macho: mjamzito, mtoto mchanga, mtoto wa chini ya miaka mitano na mzee. Umri na ujauzito havihitaji fomu ya mali. Hatua inayofuata ni kuwatambua wenye mlipaji mwingine, na hao wamo tayari katika orodha za mishahara zinazopelekwa CNSS na kwa mamlaka za kodi. Kampuni ya madini, kampuni ya kati inayokodisha watu, benki, kampuni ya simu na ofisi ya umma zinaweza kutakiwa kuwasilisha majina ya wafanyakazi na wategemezi wao, ili hospitali imtibu mgonjwa kwanza na kumpelekea mwajiri hesabu baadaye. Asiyemo katika orodha yoyote ahesabiwe kuwa ni wa FSS. Je, mfanyabiashara mkubwa asiyejiandikisha popote atatibiwa bure? Huenda, lakini watu wa aina yake kwa kawaida hutafuta kliniki za kulipia au hupanda ndege kwenda Afrika Kusini na India, na hasara ya kumtibu mmoja wao ni ndogo kuliko gharama ya kuwahoji maelfu ili kumkamata.

Hatua ya tatu inahusu ukubwa wa hesabu yenyewe. Umoja wa Mataifa, katika kufuatilia malengo ya maendeleo yaliyopitishwa mwaka 2015, kwa miaka mingi uliyaita matumizi ya afya makubwa kupita kiasi pale yalipozidi asilimia 10 ya matumizi yote ya jamaa kwa mwaka. Wazo hilo lina hekima, kwa kuwa linakumbusha kwamba kustahili si sifa ya kudumu ya jamaa. Ni uhusiano kati ya mfuko na hesabu iliyoletwa. Mwalimu anayemudu fishi na dawa za malaria anaweza kufilisiwa na upasuaji mmoja au na mtoto mwenye seli mundu, ugonjwa wa damu ambao jamaa nyingi za Kongo huujua vizuri. Kwa hesabu za namna hiyo, kila jamaa inapaswa kuwa na ukomo ambao juu yake haitozwi.

Kwa wale ambao hata nauli ya kufika hospitali hawana, hapo ndipo majirani wanafaa. Lubumbashi ina kanda 11 za afya, na kila eneo la afya ndani yake lina kamati ya wakaaji, CODESA, pamoja na wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na wahudumu hao wanajua ni parsele ipi ina bibi anayelea yatima watano. Orodha yao itengenezwe wakati wa afya, isomwe hadharani bila kudhalilisha, ifanywe upya kila mwaka, na anayeachwa awe na mahali pa kulalamika na muda wa kujibiwa. Mpango wa bima wa hospitali ya Bwamanda, ulioanza mwaka 1986 kaskazini-magharibi ya nchi, ulifahamu zamani jambo la aina hiyo: michango ilikusanywa majira ambayo wakulima walikuwa wameuza mavuno, si siku ambayo mtu ameugua.

Fedha itatoka wapi? Swali hili ni la haki, lakini linaulizwa katika jimbo lililokaa juu ya shaba na kobalti. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa kwa sheria ya tarehe 9 Machi 2018 iliweka mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, ambayo kobalti ni mojawapo, na ikaugawa mrabaha huo: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inayochimba hutakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Penye miti hapana wajenzi, husema Waswahili, na ni uchungu kuona methali hiyo ikitimia katika mji ambao malori ya shaba hupita usiku na mchana mbele ya hospitali zinazokosa glavu. Ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ambamo nchi za Afrika zilikubali kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, bado haijafikiwa na Kongo.

Kila mwaka Bunge la Jimbo la Haut-Katanga hupitisha edikti ya bajeti, yaani sheria ya jimbo ya mapato na matumizi. Wabunge wake wanaombwa, katika edikti ijayo, waandike fungu lililo wazi kutoka katika ile asilimia 25 ya mrabaha kwa ajili ya kulipia wagonjwa wasio na mwajiri katika kanda zote 11 za afya za Lubumbashi na katika kanda nyingine za jimbo, waweke muda usiozidi miezi mitatu wa kuzilipa hospitali, na wapige marufuku kumzuia mgonjwa aliyepona kwa sababu ya deni. Hayo yanaweza kupigiwa kura bila kuisubiri Kinshasa, bila sensa mpya, na bila kukagua paa la nyumba hata moja.